Sanamu za Buddha Shangani: chukua za shaba, za plastiki waachie wenyewe

Sanamu ya shaba ya Buddha aliyekaa, mkono wa kulia ukigusa ardhi, ndiyo bora dukani hapa: ni ishara ya usiku alioamkia ukweli chini ya mti, Bodh Gaya, India. Yule mnene anayecheka siye. Huyo ni Budai, mtawa wa Kichina, ingawa muuzaji atakwambia vingine.

Kasoro kubwa ni mpangilio. Sanamu zimewekwa chini, ubavuni mwa makubadhi; mteja Mbuddha wa Sri Lanka au Thailand huona ni kumvunjia Buddha heshima, na hapiti mara mbili. Kwao Buddha si Mungu muumba. Ni mwalimu, binadamu aliyekwisha kufariki. Wanasujudu mara tatu: kwake, kwa mafundisho, na kwa jumuiya ya watawa. Maua na taa ni za heshima tu. Wajapani wengi, hata hivyo, humtaja Buddha mwingine, Amida, wakitegemea ahadi yake ya kuwaokoa. Kwa heshima hiyo, basi, sanamu ziwekwe rafu ya juu, kupita kichwa.

Hewa yetu ya chumvi huotesha kutu ya kijani, ikianzia kwenye mikunjo ya joho. Sugua kwa ukwaju, suuza kwa maji baridi, kausha papo hapo. Ukwaju ukibaki, shaba hupata madoa. Bei zinapunguzika, usione haya.