Chai ya zambarau safi, chai ya kijani inanuka sabuni, na muuzaji hana adabu

Sitazunguka. Chai ya kijani niliyouziwa ilikuwa inanuka sabuni ya unga, na nilipompigia muuzaji simu kumwambia, alinijibu hivi: "Mama, nyinyi mmezoea chai ya maziwa. Chai ya kijani ndivyo inavyonukia."

Nyinyi nani? Jibu hilo halijanitoka rohoni mpaka leo.

Ilikuwa siku za mvua, mwezi sikumbuki vizuri. Niliagiza kwake aina tatu: ya zambarau, nyeupe na ya kijani. Zikaletwa na kijana wa bodaboda hadi mlangoni, na kijana huyo sina neno naye, alikuwa mpole na mzigo haukulowa. Ya zambarau na nyeupe zilikuwa kwenye mikebe yenye vifuniko vya kubana. Ya kijani ilitiwa kwenye mfuko wa karatasi, mdomo umekunjwa tu. Kufungua, sabuni.

Mtu anayejiita muuzaji wa chai anajuaje bei asijue hili? Majani makavu ya chai hufyonza kila harufu iliyo karibu nayo. Wachina wanaitumia tabia hiyo kwa makusudi: huyalaza majani pamoja na maua ya asumini usiku kucha, kisha huyatoa maua, na chai hubaki inanukia asumini. Sasa huyu bwana ameilaza yangu na sabuni, halafu ananiambia mimi ndiye sijui kunusa.

Na haki yake niliipa. Sikuimwagia maji yanayotokota, maana chai ya kijani ukiiunguza inakuwa chungu. Nilichemsha, nikaacha birika litulie mpaka maji yashuke kwenye digrii 80 hivi, nikaloweka dakika mbili, nikachuja. Mvuke ulipopanda ndio harufu ilizidi. Nikammiminia jirani yangu bila kumwambia lolote. Alikunywa funda moja, akaniuliza kwa upole kama vikombe vilisuuzwa vizuri.

Tena hilo la "mmezoea chai ya maziwa" analisema kama tusi. Ndiyo, nimeizoea, na naipika vizuri. Tangawizi naiponda na kuichemsha kwenye maji kwanza mpaka iive, kwa sababu ukiitia mbichi kwenye maziwa yatakatika. Halafu iliki, majani, maziwa, sukari, na moto wa kadiri. Majani yetu ya kawaida husagwa kwenye mashine zenye meno yakawa punje ndogo, ndiyo maana hutoa rangi kali upesi na hayazidiwi na maziwa. Kuyapika kuna ujuzi wake. Mtu anayeweza kupika chai ya maziwa ya kuliwa na mahamri asubuhi, jioni akapika ya rangi kwa mchaichai, amefundishwa ulimi wake tangu utotoni. Haambiwi hajui chai.

Na kuambiwa hivyo Mombasa! Mnada wa chai upo hapa tangu 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwingineko inauzwa katika mji huu huu, na sisi wakaaji wake tunaletewa ya kunuka sabuni kwenye karatasi.

Nyeupe ni nzuri, laini, tamu kidogo bila sukari. Sina mengi.

Hapa kwa chai ya zambarau ndipo ninapokwama, kwa sababu sijawahi kunywa kitu kama kile. Ni aina ya mchai uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na majani yake shambani ni ya zambarau kwelikweli, kwa rangi ya asili ya jamii ile ile inayotia wekundu juisi ya rozela. Kwenye kikombe hutoka nyepesi, haikaushi ulimi hata kidogo. Niliitia ndimu tone moja tu na rangi ikageuka ya waridi mbele ya macho yangu. Wajukuu walinizunguka wakitaka nirudie, nikarudia. Msiitie maziwa, mtaiua. Ndimu, na asali mkitaka, basi. Nikawa naamka alasiri ninaitamani, na hasira zangu zikaanza kupoa. Nikasema pengine mtu anayeweza kupata majani kama haya amepitiwa tu na ule mfuko mmoja. Nilishaamua kumsifu.

Mkebe ulipoisha nikampigia tena. Nilikuwa na nia njema kabisa, nataka ya zambarau mikebe miwili, na nikamkumbusha kwa heshima kwamba pesa za ile ya kijani bado. Akacheka. "Kumbe mama umeshaanza kuzoea!"

Nikakata simu.

Kwa hiyo chai ya zambarau naipa alama zote, nunueni popote mtakapoipata, ila iwe kwenye mkebe unaobana. Yeye simpi hata moja. Nilikuwa nimefikiria kumpa nusu kwa sababu ya ile nyeupe, lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana. Pesa za chai ya kijani hajarudisha, na mfuko wake ninao bado. Nimeufunga nje kwenye kamba ya nguo ili usiniharibie iliki zangu kabatini, na siku yoyote akitaka kuja kuunusa mwenyewe, mlango uko wazi.