Tahadhari: anauza betri feki za saa za sola, na mwanzoni saa inatembea vizuri kabisa

Ndugu zangu mnaopenda saa za zamani, hasa nyie mnaozifungua wenyewe nyumbani: kuna muuzaji yuko Dar es Salaam, anatangaza mtandaoni "betri orijino za kuchaji za saa za sola, Citizen na Seiko". Msimtumie hela. Jina la ukurasa wake siliweki hapa kwa sababu ameshalibadilisha mara mbili tangu nianze kumfuatilia, na likitajwa leo, kesho atakuja na jingine. Nawapa alama za kazi yake, hizo hawezi kuzibadilisha.

Anauza 25,000, anatuma mzigo kwa basi mpaka mkoani, na kila anayemuuliza kuhusu ubora anamjibu maneno yaleyale: "Weka tu, itatembea palepale." Ni kweli, inatembea palepale. Utapeli wenyewe umejificha hapo.

Saa yangu ni ya marehemu baba. Citizen Eco-Drive, yaani saa ya sola inayojichaji kwa mwanga, aliinunua soko la Matrah, Muscat, mwaka 1998 alipokuwa anafanya kazi kule. Ilizimika kabla yeye hajaondoka duniani, ikabaki kabatini kwa mama miaka sita. Mwaka jana nikamwomba ruhusa niifufue. Nilianza na jua, kama inavyotakiwa, maana betri iliyolala gizani muda mrefu mara nyingine huamka ikipata mwanga wa kutosha. Siku nne dirishani, asubuhi tu, kwa sababu jua la mchana la Tanga linaweza kuunguza saa kabla halijaichaji. Haikuamka.

Nikaifungua. Kifuniko cha nyuma ni cha kubana, pembeni kina upenyo mdogo wa kuingiza kisu. Ndani palikuwa safi, mashine inang'aa, hakuna hata doa la kutu. Betri ya zamani niliitoa kwa kibano cha plastiki (cha chuma kikigusa pande zote mbili kinapiga shoti), nikasoma maandishi: MT920. Nikapiga picha, nikaanza kutafuta spea, nikaangukia kwa huyu bwana.

Mzigo ulifika stendi siku ya pili. Betri ilikuwa kwenye kijifuko cha nailoni, haina pakiti ya kiwandani, juu yake kuna stika ndogo yenye maandishi ya MT920. Nilipaswa kusimama hapo. Nikaiweka, mshale wa sekunde ukaanza kugonga. Mama aliishika ile saa sikioni muda mrefu bila kusema kitu. Jioni ile nikamwandikia muuzaji sifa na kumpa nyota tano, na sifa hizo bado zipo kwenye ukurasa wake, amekataa kuzifuta. Kama kuna mtu alinunua kwa kuzisoma, namwomba radhi kwa dhati.

Baada ya miezi minane saa ikasimama. Nilipofungua nikakuta ukoko mweupe umeizunguka betri, na rangi ya kijani imeshafika kwenye koili (waya mwembamba uliozungushwa, unaosukuma mishale). Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa pale Ngamiani. Alivaa lenzi yake, akaing'oa stika kwa ncha ya sindano, akanionyesha yaliyo chini: SR920SW. Betri ya kawaida ya saa, ambayo yeye anaiuza 3,000.

Nieleze kidogo, maana ukielewa hapa hutapigwa. Namba 920 ni kipimo cha umbo: upana milimita 9.5, unene kama 2. MT920 na SR920SW zina umbo moja na zinakaribiana volti, kwa hiyo kila moja inaingia kwenye nafasi ya mwenzake. Lakini MT ni ya kuchaji, na SR ni ya silva oksidi, inatumika mara moja na kutupwa. Hiyo ya kutupwa ikiwa mpya imebeba umeme mwingi kuliko ya kuchaji, mara kadhaa. Ndiyo maana saa inatembea kwa nguvu tangu dakika ya kwanza na mteja anaondoka ameridhika. Wakati huohuo, kila mwanga unapogusa uso wa saa, sola inasukuma umeme ndani ya betri isiyopokea. Gesi inajaa, mpira wa betri unaachia, maji yake makali yanatoka na kula shaba. Kadiri unavyoitunza saa yako kwa kuiweka kwenye mwanga, ndivyo unavyoiua. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi.

Angalieni ule ulimi wa bati juu ya betri. Kwenye orijino umechomelewa kiwandani, unaona vinukta viwili au zaidi vilivyodidimia. Citizen wameuweka makusudi ili mtu asichomeke betri ya kawaida. Huyu bwana anachukua bati na kulilehemu kwa risasi, unaona tone la kijivu lililotuna. Betri ndogo kama hii haitakiwi kabisa kuguswa na moto wa kulehemu. Ukiona tone, usiiweke hata kwa kujaribu.

Alama nyingine ni mwendo. Betri mpya ya kuchaji mara nyingi inafika ikiwa na chaji kidogo, na Eco-Drive yenye chaji kidogo inarusha mshale wa sekunde mbili mbili mpaka upate jua la kutosha. Ya kwangu iligonga sekunde moja moja tangu mwanzo, haikuruka hata mara moja katika miezi yote minane. Peke yake hilo si ushahidi, ila ukiliunganisha na stika na tone la risasi, basi.

Na msidhani kuiweka gizani kutawaonyesha. Hata feki itatembea kabatini miezi, tena bila shida.

Binamu yangu alipigwa kwa njia nyingine na mtu huyohuyo. Alimuuzia saa nzima, "Citizen Eco-Drive ya mwaka 1978, imefanyiwa ukarabati", kwa 280,000. Jina la Eco-Drive lilianza 1995. Saa ya kwanza ya mishale ya sola ya Citizen ilitoka 1976 na iliitwa Crystron Solar Cell, na vipande vya sola unaviona wazi usoni. Ya binamu uso umepakwa rangi nzito ya bluu, inapendeza, lakini Eco-Drive ya kweli mara nyingi uso wake unapitisha mwanga kwenda kwenye sola iliyo chini. Tulipoifungua, chini ya rangi hakuna sola. Ni mashine ya kawaida ya betri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji yeyote akutumie picha ya betri pande zote mbili, ulimi ukionekana kwa karibu, na pakiti ambayo haijafunguliwa. Namba za spea za Citizen za betri hizi huanza na 295. Mpe namba kamili ya mashine iliyo kwenye saa yako, mwache akutajie namba ya spea ya betri anayokuuzia. Niliyenunua naye hakujibu swali hilo, alinizuia nisimpigie tena. Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na RB ya polisi ninayo. Mwenye ushahidi wa kwake auhifadhi, hasa ujumbe wa muamala, na akaripoti pia.

Saa ya baba iko kwa fundi. Koili imekatika, anatafuta nyingine kutoka kwenye saa iliyokufa.

Na wewe uliyenunua kwake na saa yako bado inatembea: ifungue wiki hii, au mpelekee fundi aifungue mbele yako. Ukikuta stika au tone la risasi, itoe betri hiyo leoleo hata kama inafanya kazi, na uiache saa bila betri mpaka upate ya kweli.