Miezi mitatu ya mazoezi ya kasi ya mashindano katika bwawa la hoteli, Mbeya

Binti yangu wa miaka 14, anayeogelea mita 100 mtindo huru, amemaliza miezi mitatu chini ya kocha wa kujitegemea anayetumia bwawa la hoteli moja jijini Mbeya, na kwa kuwa wazazi wenzangu wameniuliza mara nyingi kama ada ya shilingi 120,000 kwa mwezi ina tija, nieleze nilichokiona nikiwa nimekaa kando ya maji.

Kocha huyu hawaogeleshi watoto kilomita nyingi kwa mwendo wa pole. Anafuata njia iliyoasisiwa na Brent Rushall wa Chuo Kikuu cha San Diego State nchini Marekani, ambayo humtaka mwogeleaji aende vipande vifupi kwa kasi ileile anayoilenga siku ya mashindano, apumzike takriban sekunde 20, kisha arudie hata mara 20 au 30. Akichelewa, hukaa nje kipande kimoja. Akichelewa mara mbili mfululizo, au mara tatu kwa jumla, zoezi hilo limekwisha kwake. Binti yangu, aliyekuwa akichoshwa na mazoezi ya zamani, sasa hujihesabia sekunde hata ndani ya daladala.

Kasoro kubwa ilikuwa ya vipimo. Lengo lake ni dakika 1 na sekunde 10, yaani sekunde 17.5 kwa kila mita 25, na wiki mbili za mwanzo alimaliza vipande vyote 20 bila kukosa hata kimoja, jambo lililonitia shaka kuliko furaha. Nilikwenda na futi ya fundi ujenzi nikakuta bwawa lina mita 20 tu. Kumbe alikuwa akienda kwa kasi ya dakika 1 na sekunde 27.5 kwa mita 100, ambayo si ya mashindano hata kidogo. Kocha, kwa uungwana wake, hakubishana; alishusha muda hadi sekunde 14, na siku hiyohiyo binti alikwama kwenye kipande cha tisa. Hata sekunde hizo 14 zina upendeleo kidogo, maana katika bwawa fupi msukumo wa ukutani huchukua sehemu kubwa zaidi ya safari.

Kwa kuwa Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwogeleaji huchelewa kurudisha pumzi, kocha ameongeza mapumziko hadi sekunde 30, nami namuunga mkono, kwani kupunguza kasi kungeharibu shabaha nzima ya zoezi. Kipindi cha saa 12 asubuhi, hata hivyo, kingefutwa mwezi Juni na Julai: maji hayapashwi moto, na mtoto anayetetemeka hashiki kasi yoyote.

Simshauri mzazi ampeleke mtoto asiyejua bado kugeuka ukutani. Kwa masafa marefu pia nina wasiwasi: Michael Andrew, mfuasi maarufu wa njia hii, alipata dhahabu ya kupokezana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, lakini katika fainali ya mita 200 mitindo minne aliongoza hadi mita 150, akamaliza wa tano.

Nimelipia miezi mitatu mingine, kwa sharti moja kwamba muda upimwe kwa saa ya kocha mwenyewe, si kwa ile ya ukutani iliyo upande wa baa.