Vani yangu ya kulala, miaka sita na kutu zake

Kabla sijainunua niliambiwa nitajuta. Kila niliyemuuliza alikuwa na kisa chake: sakafu imetoboka, umeme unazima wenyewe, mlango wa pembeni unagoma. Nikainunua hivyo hivyo, ikiwa na umri wa miaka 9, na huu ni mwaka wa 6 nalala ndani yake. Kutu ipo. Majuto sina.

Tatizo ni kwamba watu hulilaumu gari moja ilhali ni mawili. La kwanza ni vani ya mizigo, iliyopigwa dawa ya kutu na rangi kiwandani ikiwa bado tupu. La pili ni nyumba aliyoipachika fundi mwingine, aliyekuja baadaye na drili na msumeno. Dirisha, tundu la hewa, bomba la maji machafu, kila kimoja kilitoboa bati lililokwisha kupakwa rangi. Kutu yangu yote ya maana ilianzia kwenye matundu hayo. Chesisi niliyotishiwa nayo ina wekundu wa juu juu tu. Kila mwaka naigonga kwa bisibisi na bado inalia kama chuma kizima.

Nilipong'oa fremu ya dirisha la jikoni ndipo nilipoelewa. Ukingo wa bati ulikuwa mtupu, haujaonja hata praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, tena umekazwa kwa skrubu za stenlesi. Skrubu zinang'aa kama za jana, bati lililozizunguka limeliwa. Metali mbili zikikutana penye unyevu, dhaifu ndiyo huliwa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilinibakia mkononi, kinapukutika. Kukwangua, kuchomelea kiraka, praima, rangi na silikoni mpya kulinila wikendi mbili.

Unyevu wenyewe, mara nyingi tunauleta sisi. Kilo 1 ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 za maji, na usipofungua tundu la hewa yanakwenda kujificha nyuma ya mbao za ukutani. (Mimi nilikuwa silifungui. Baridi.)

Injini ya dizeli haijaniacha njiani hata siku moja. Vilivyokufa ni pampu ya maji, friji, na betri ya ndani niliyoisahau miezi minne bila kuichaji. Gari la namna hii huchakazwa na kusimama: diski za breki zinashika kutu, tairi zinapasuka ubavuni huku kashata bado nene. Siku hizi nasoma kwanza zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na mlango wa pembeni: reli yake ya chini inakusanya mchanga, na kitundu cha kutolea maji ni chembamba kuliko penseli. Hilo ni la kiwandani, sina cha kuwatetea. Ukienda kuangalia ya kununua, beba tochi, lala chali chini yake, kisha uinue zulia karibu na mlango huo. Muuzaji akianza kukuharakisha, rudi ulale tena.