Mauntingi za injini kwenye 560 SEL: nimezifunga mara mbili, na tofauti nimeiona

Kioo cha ndani ndicho kilichonishtua kwanza. Nikisimama kwenye taa, mguu kwenye breki na gia ikiwa D, taa za gari la nyuma zilikuwa zinachezacheza kiooni. Nikiweka N, zinatulia. Wiki chache baadaye mtetemo ukahamia kwenye usukani, kisha kwenye kiti, na kila nilipotoa gia R kwenda D nikasikia kishindo kimoja kizito chini ya miguu.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 560 SEL ya 1989, bodi ile ya W126 iliyoanza kutoka 1979, injini V8 ya cc 5,547. Likiwa zima, gari hili likiunguruma silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, unaweza kusahau kama injini inawaka. Nililinunua kwa ajili ya utulivu huo, kwa hiyo mtetemo ule ulikuwa unaniuma kweli.

Fundi wa kwanza alianza na moto: plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota. Simlaumu sana, vitu hivyo vilikuwa vimechoka. Lakini mtetemo haukupungua hata kidogo, na hapo ningepaswa kusikiliza gari vizuri zaidi. Injini yenye plagi mbovu hukohoa hata ikiwa N. Yangu ilikuwa inaunguruma sawasawa kabisa, ila muungurumo wote ulikuwa unapita moja kwa moja hadi kwenye bodi.

Jaribio lililomaliza ubishi lilichukua dakika mbili. Boneti wazi, hendibreki imevutwa, mtu ndani amekanyaga breki kwa nguvu, na hakuna anayesimama mbele wala nyuma ya gari. Akaweka D, kisha R, huku akigusa mafuta kidogo tu. Upande mmoja wa injini ukanyanyuka na kurudi kwa kishindo. Halafu nikatazama feni: chini ilikuwa karibu kugusa kava lake, juu kulikuwa na nafasi kubwa. Injini nzima ilikuwa imeshuka. Kwa tochi, chini ya gari, nikaona weusi wa kimiminika umetambaa kwenye mauntingi ya upande mmoja, yaani kile kipande cha raba na chuma kinachobeba injini juu ya bodi.

Hapa inafaa kueleza kilichomo ndani. Mauntingi za mbele za V8 hii ni mbili, na ni za haidroli. Ndani ya raba kuna vyumba viwili vya kimiminika vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Injini ikitaka kuruka, kimiminika kinalazimika kupenya njia ile, na mruko unafia humo. Mitetemo midogo ya kasi inamezwa na raba yenyewe. Sasa fikiria ekzosi za V8 zinashuka pande zote mbili, karibu na raba hizo, miaka na miaka. Raba inakauka, inapasuka, kimiminika kinavuja, na kinachobaki ni kipande kilichobonyea chenye chuma kinachokaribia kugusa chuma.

Mara ya kwanza nilinunua za bei nafuu, jina silitaji. Umbo lilelile, matundu yaleyale. Kishindo kikaisha siku hiyohiyo nami nikafurahi, ingawa mkono kwenye usukani uliniambia kitu hakijakaa sawa: mtetemo wa silensa ulikuwa umepungua, haukuondoka. Baada ya miezi saba upande mmoja ulikuwa umeshuka tena. Nilipoitoa niliikata kwa msumeno. Ndani ilikuwa raba tupu, hakuna tone la kimiminika. Ile mauntingi iliyokatwa bado naiweka juu ya rafu, na kila fundi anayeniambia "zote ni sawa tu" namwonyesha.

Mara ya pili nikafunga za kampuni ya Lemförder, za haidroli, mbili za mbele pamoja na ile ya giaboksi nyuma. Hii ya nyuma watu wengi huiacha, na mimi naona ni kosa: iliyochoka inaiacha injini ikae mshazari, na zile mpya za mbele zinabeba mzigo usio wao. Kabla ya kufunga, niliweka mpya na ya zamani pamoja mezani. Ya zamani ilikuwa fupi kwa karibu unene wa kidole. Angalia pia raba isiwe na mipasuko midogo ukiikunja, maana raba huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi.

Kazi yenyewe si ngumu kwa akili, ni ngumu kwa mikono. Bolti za chini ni za alenki, unazifikia kwa kutokea chini kupitia matundu ya boriti ya mbele. Safisha uchafu kwenye kichwa cha bolti mpaka alenki izame yote. Ikikaa nusu itakula kichwa na utajuta. Tulizinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Waya hasi ya betri ilitoka kwanza, kisha tukalegeza kava la feni ili injini ikipanda feni isilivunje wala kugusa rejeta. Jeki iliwekwa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya ubao mpana, kwa sababu chuma cha jeki kikigusa sampu peke yake kinaweza kuitoboa. Gari lilikuwa limekaa kwenye stendi imara. Jeki ilibeba injini tu.

Nyanyua taratibu, sentimita chache, huku mtu akitazama juu: mipira ya maji, mipira ya vakyumu (ya mvuto wa hewa wa injini), vyuma vya kuvutia mafuta, ekzosi. Usisahau kurudisha bati la kuzuia joto. Najua watu wanaolitupa kwa sababu linasumbua kuingia, halafu wanashangaa mauntingi mpya kufa mapema. Na bolti zote ziingie kwa mkono kwanza, injini ishushwe ikae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Ukikaza injini ikiwa bado inaning'inia, raba inabaki imejikunja na mtetemo unarudi wenyewe.

Mara ya kwanza kazi ilitula siku nzima, mara ya pili saa tano.

Ni mwaka na nusu sasa. Nikisimama na gia ikiwa D, kioo kimetulia kabisa, na kutoka R kwenda D nasikia gari likijiweka sawa tu. Feni imerudi katikati ya kava. Za haidroli ni ghali, tena ghali hasa, lakini kwa gari hili nisingenunua tena nyingine yoyote. Asubuhi injini ikiwa baridi bado kuna mtikisiko mdogo wa kama dakika moja. Upo hata nikiwa N, kwa hiyo safari hii siigusi mauntingi. Nimeanza kukagua mipira ya vakyumu, mmoja mmoja.