TAHADHARI: Breka ikikata, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi

Wadau mnaojenga Dodoma, hasa huku Nzuguni, Ipagala na Mkonze, kuna fundi umeme anazunguka na ofa ya "wayaringi nyumba nzima, vifaa juu yangu". Jina silitaji. Nitaeleza anavyofanya kazi ili mkikutana naye mumjue. Mimi ameshanipiga.

Anakuja na bodaboda, roli za waya zimeshatolewa kwenye boksi, na bei yake iko chini kiasi kwamba unajiona mjanja. Ukiuliza risiti, anasema duka ni la ndugu yake. Nikalipa, ikiwemo hela ya waya wa ziada kwa sababu alisema soketi zangu atazipiga ringi, yaani waya unazunguka soketi zote na kurudi ulikoanzia.

Tulipohamia, breka ya soketi (ile swichi inayojizima umeme ukizidi) ikawa inakata tukiwasha jagi la umeme, jiko la sahani mbili na pasi kwa pamoja. Haikati papo hapo, inavumilia dakika kadhaa kisha inashuka. Nikampigia. Alifika ndani ya nusu saa (hapo nilimsifu kabisa), akatoa breka ya ampea 20, akapachika ya 32. Nikamuuliza, mbona kubwa hivi? "Bosi, soketi za mji mzima ni 32." Haikukata tena. Nikasema fundi ndiye huyu.

Miezi miwili baadaye mama mkwe alikuja kutoka Kondoa. Yuko jikoni, anauliza, "Mbona pananuka samaki na sisi tunapika mlenda?" Tukatafuta. Nyuma ya friji soketi ilikuwa imebadilika rangi, kahawia kama chai ya rangi, na plastiki yake ukiigusa kwa kidole gumba inabonyea kama sabuni iliyolowa. Nikazima meni swichi nikaenda kumtafuta mzee mmoja, fundi wa siku nyingi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mzee hakuanza na soketi, alianza na hesabu. Jagi wati 2,200, jiko 2,500, pasi 1,200: jumla 5,900. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 25 na ushee. "Mwanangu, breka ya 20 ilikuwa inakwambia ukweli. Unadhani breka inalinda jagi? Inalinda waya ulio ndani ya ukuta, maana huo huwezi kuuona ukiungua." Sentensi hiyo ningeisikia mwaka jana ningeokoa hela nyingi. Waya ukipitisha umeme kuliko uwezo wake unapata joto, ganda linalainika, na breka kubwa inakaa kimya kwa sababu kwake yeye 25 ni kidogo.

Sasa ile hoja ya "mji mzima ni 32". Si uongo, ni nusu ya ukweli, na ndiyo iliyoniangusha. Breka ya 32 inaruhusiwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 soketi zikiwa ringi: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi moja hadi nyingine, halafu unarudi kwenye breka ileile. Kila soketi inapata umeme kwa njia mbili, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Mtindo huu ni wa Waingereza, waliupanga miaka ya 1940 wakati shaba ni ya kubana. Na ndiyo maana plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani: breka ya 32 haiwezi kuulinda ule waya mwembamba wa taa ya mezani, basi fyuzi ya 3 au 13 inafanya kazi hiyo. (Mkiona mtu kaweka msumari badala ya fyuzi, mtoeni jikoni.) Kama waya wa 2.5 unakwenda tu bila kurudi, breka yake ni 20.

Mzee akafungua boksi la breka. Ringi inatakiwa ionyeshe ncha mbili za laini (waya wenye moto) chini ya breka moja. Kwangu ilikuwa moja. Waya wa kurudi niliulipia, haupo.

Kisha akakwangua waya kwa kisu. Wekundu wa shaba ukatoka kama rangi ya kucha, chini yake ni nyeupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Akaupima unene, milimita 1.3. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja unatakiwa uwe karibu milimita 1.8, kwa sababu ile 2.5 ni eneo la ncha iliyokatwa, si upana. Kwenye ganda wameandika 2.5 bila aibu. Kwa hiyo nilikuwa na waya mwembamba kuliko hata wa taa, tena si shaba, nyuma ya breka ya 32.

Fimbo ya ethi nayo, ile ya chuma inayopigiliwa ardhini? Niliivuta kwa mkono mmoja, ikatoka kama shina la karanga. Yule jamaa alikutana na mwamba, akaikata kwa msumeno. Kwa udongo wetu huu mkavu, ethi hata ikiwa nzima inapata shida, ndiyo maana mzee ameniwekea na ile breka ya usalama ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvujia ardhini au mwilini mwa mtu.

Tumeng'oa nyaya zote za soketi. Yule jamaa simu yake haipatikani. Nimehifadhi kipande cha waya, anayetaka kulinganisha na wake anitafute.

Naandika usiku huu kwa sababu jana jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kaniambia amepata fundi wa bei nzuri, anakuja na bodaboda, roli ziko nje ya boksi. Ameshatoa advansi. Kesho asubuhi nakwenda kwake na kisu cha kukwangulia.