Darjeeling kwenye ukungu: treni lipia, Tiger Hill subiri kwanza

Kwa mnaoulizia Darjeeling, mji wa milimani kaskazini mashariki mwa India, jibu langu la haraka ni hili: pesa yako ipeleke kwenye treni ya mvuke. Tiger Hill, kilima cha kutazamia jua likichomoza, usiilipie mpaka uone anga la jioni limekaaje. Mimi nilienda mwishoni mwa Septemba, mvua za monsuni zikiwa bado hazijaaga. Mji uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mawingu yanaingia mpaka dukani.

Kufika si kazi. Ndege hadi uwanja wa Bagdogra, halafu mji wa jirani wa Siliguri unapanda teksi ya kuchangia. Haina ratiba, ikijaa inaondoka, na wenyewe wanajua kujaza. Ni mwendo wa saa tatu hivi, kona tupu. Kama huwa unachefukwa safarini, wahi kiti cha mbele.

Sasa treni. Reli hii ilifunguliwa 1881, upana wake ni milimita 610 tu, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Safari nzima kutoka New Jalpaiguri, kituo cha chini bondeni, ni kilomita 88 na inakula siku, kwa hiyo wageni wengi huchukua mzunguko mfupi wa Darjeeling hadi Ghum na kurudi. Kuna ya dizeli na ya mvuke. Ya mvuke ni ghali zaidi, na inastahili. Reli ilikuwa imelowa siku hiyo. Mbele kabisa ya injini walikaa wanaume wawili, mmoja kila upande, wakimwaga mchanga kwa mkono ili magurudumu yasiteleze. Mwenzao alikuwa juu ya makaa, anayaponda kwa nyundo. Njia inapita ubavuni mwa maduka kiasi kwamba muuza viatu alivuta meza yake ndani ndipo tukapita. Nguo nyeupe acha hotelini, masizi hayachagui.

Batasia, pale reli inapojizungusha ili kupunguza mwinuko, treni inasimama dakika kumi upige picha za mlima Kangchenjunga, ukionekana. Sisi tulipiga picha za maua ya bustani. Ghum, kwenye mita 2,258, ndicho kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote India. Kina makumbusho madogo, utayamaliza upesi.

Tiger Hill ndiyo iliyoniudhi. Unaamshwa saa tisa na nusu usiku, baridi inakung'ata, magari yamepangana foleni mlima mzima. Dereva alituhakikishia kutapambazuka kweupe. Kweupe kweli, ila weupe wenyewe ulikuwa ukungu. Pesa hairudishwi.

Halafu asubuhi nyingine nikawa natembea zangu kwenye barabara inayozunguka Observatory Hill, nyuma ya uwanja wa Chowrasta, ukungu ukafunguka. Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, mita 8,586, uko mbele yangu, na sijalipa hata rupia. Wazee waliokuwa wanafanya mazoezi pale hata hawakugeuka.

Chai: tembelea shamba la Happy Valley, la tangu 1854. Chai ya rangi ya kwetu ni nyeusi. Hii ya mchumo wa kwanza, wa Machi na Aprili, ina rangi ya manjano hafifu na inanukia maua. Nilipoomba maziwa, muuzaji alinitazama kama niliyemtukana mama yake. Bila sukari ndiyo unaipata vizuri. Kwa chai ya maziwa nenda kwenye vibanda vya sokoni, na uagize na momo za moto, vile vidonge vya unga vyenye nyama au mboga ndani.

Bustani ya wanyama ina panda wekundu na chui wa theluji, na humo humo kuna chuo cha kupanda milima cha 1954, kilichomwajiri Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest. Alhamisi wanafunga.

Malazi: vyumba vingi havina hita, na maji ni shida ya mji mzima, mengine huletwa kwa magari. Kabla hujalipa uliza maji ya moto yanatoka saa ngapi. Mama mwenye nyumba yetu alitupa ndoo moja moja asubuhi, na chupa ya mpira yenye maji ya moto ya kulala nayo. Hiyo chupa naipa nyota tano peke yake.